Miaka 36, mkono wa kushoto na bega linalouma: cha kuiga kwa Mathias Boe, na cha kumwachia mwenyewe

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Odense mwaka wa sita sasa. Nacheza badminton ya wawili wawili kwenye klabu ya mtaani, Jumanne na Alhamisi, na Jumapili nikipata nafasi. Natumia mkono wa kushoto, mwenzangu wa kulia, basi klabuni wameshanibandika jina la Boe, yule Mdenmark aliyechukua dhahabu London 2012. Nimetazama mechi zake za zamani na nimepata hamu. Ila nina miaka 36 na mchezo wenyewe nimeuanza ukubwani. Mwaka huu nilinunua raketi ngumu, nikaomba nyuzi zikazwe hadi kilo 13 ili smashi iwe kali. Naona imezidi kuwa dhaifu, na bega la kushoto linauma nikinyanyua mkono. Mwenzangu anataka nikae mbele tu, karibu na wavu, kwa sababu ati Boe naye alikuwa mtu wa mbele. Nyuma atashughulika yeye. Yuko sahihi? Na kwa umri huu naweza kupanda kiwango, au nimechelewa?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza kuhusu umri na nafasi ya kusimama, lakini jambo la haraka katika barua yako ni bega, na umelitaja kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha juzi. Nitalifikia. Kwa sasa, kabla hujasoma zaidi: wiki hii usipige smashi hata moja, yaani lile pigo kali la kutoka juu ya kichwa kushuka upande wa pili.

Tuanze na kumbukumbu, maana ukimwiga mtu ni vizuri kujua alipita wapi. London 2012 Mathias Boe na mwenzake Carsten Mogensen walipata medali ya fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Wachina Cai Yun na Fu Haifeng, waliowafunga 21-16, 21-15. Mechi ya kutazama ni ile iliyotangulia, nusu fainali dhidi ya Wakorea Chung Jae-sung na Lee Yong-dae. Wadenmark walipoteza seti ya kwanza 17-21, wakachukua ya pili 21-18 na ya tatu 22-20. Kama utarudia mechi moja tu, rudia hiyo.

Sasa angalia umri wake. Boe alizaliwa Julai 1980 Frederikssund. Taji lake la kwanza la All England, shindano ambalo kila mchezaji wa badminton analiota, alilipata 2011 akiwa na miaka 30. Medali ya London, miaka 32. Fainali ya ubingwa wa dunia Guangzhou 2013, waliyopoteza kwa Mohammad Ahsan na Hendra Setiawan wa Indonesia, miaka 33. Januari 2014 Mogensen alivuja damu kwenye ubongo wakiwa Korea Kusini, na wengi walidhani hadithi yao imeishia hapo. Machi 2015 walitwaa All England tena. Mwaka 2016 walikuwa kwenye kikosi cha Denmark kilichoshinda Thomas Cup, kombe la dunia la timu za wanaume, mjini Kunshan, China, nchi ya kwanza ya Ulaya kufanya hivyo, ingawa pointi zote tatu za fainali ile zilitoka kwa wachezaji wa mmoja mmoja. Mwaka huohuo, Rio, hawakuvuka hata hatua ya makundi. Machi 2018 walirudi fainali ya All England, Boe akiwa na miaka 37, wakafungwa 21-18, 21-17 na Marcus Fernaldi Gideon wa miaka 27 na Kevin Sanjaya Sukamuljo wa miaka 22. Aprili 2020 akatangaza kustaafu, ikiwa imebaki miezi michache atimize 40.

Kwa hiyo mavuno yake makubwa yote yalikuja baada ya miaka 30. Wengi hupenda kusema "alizaliwa na mwili wa ajabu" na kufunga mjadala. Mimi nadhani jibu liko kwenye aina ya mchezo aliouchagua.

Mwili ukivuka miaka 30, kinachopungua kwanza ni kuruka na kuruka tena, na jinsi unavyopona kati ya mechi na mechi. Macho hayazeeki haraka hivyo. Vidole navyo havizeeki haraka hivyo. Na mchezo wa wawili wawili unakuruhusu kushinda kwa macho na vidole, mradi uzitawale pigo tatu za mwanzo: kuanzisha, kupokea, na pigo la tatu linalofuata. Ukizishinda hizo, mpinzani analazimika kukupigia kutoka chini kwenda juu na wewe unashambulia bila jasho jingi. Ukizipoteza, utalinda smashi nne tano mfululizo, na hapo kijana wa miaka 22 anakumaliza. Boe aliishi kwenye pigo hizo tatu na kwenye mabadilishano ya mapigo bapa, yale yanayosafiri moja kwa moja juu kidogo ya wavu, katikati ya uwanja.

Watu husema alikuwa na "mikono ya haraka". Usimtazame anapopiga; mtazame kinyoya, kile kidude cha manyoya kinachopigwa badala ya mpira, kikiwa bado upande wa pili. Kichwa cha raketi kiko juu, usawa wa ukingo wa wavu. Kiwiko kiko mbele ya mbavu. Mshiko umelegea kabisa. Anapopiga, raketi inasafiri kipande kifupi kama mtu anayebisha hodi, vidole vinakaza ghafla, kisha raketi inasimama na kurudi palepale. Haraka unayoiona imetengenezwa kabla ya pigo. Wengi wetu tunapiga, tunashusha raketi hadi gotini, kisha tunashangaa kwa nini kinyoya kinachofuata kimetukuta tumechelewa.

Zoezi lake ni rahisi kueleza na gumu kuvumilia. Simama hatua moja nyuma ya mstari wa mbele wa kuanzishia, ule ulio mita 1.98 kutoka wavuni, mwenzako vivyo hivyo upande wa pili. Pigeni mapigo bapa yanayopita kiganja kimoja juu ya wavu, sekunde 30, mpumzike 30, mara 8. Kinyoya ukikute mbele ya mwili, si ubavuni. Kigasha kikianza kuuma baada ya raundi ya tatu, unabana mshiko. Ulegeze hadi raketi iwe karibu kukuponyoka kati ya pigo na pigo. Mapigo yako yakianza kupanda juu juu, raketi imeshuka. Na usiongeze nguvu mpaka mfikishe mapigo 20 bila kukosea.

Upande wa kuanzisha, kuna jambo lililobadilika ambalo mechi za zamani zitakupotosha. Boe alipokuwa kileleni, kinyoya kilitakiwa kupigwa chini ya kiuno cha mpigaji, yaani usawa wa ubavu wa chini kabisa, hivyo mtu mrefu alikuwa na faida yake. Kuanzia 2018 kilianza kutumika kipimo kimoja kwa wote: kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati raketi inakigusa. All England ile ya 2018 ilichezwa kwa kipimo hicho. Ukimnakili Boe wa 2012 kwa jicho tu, unaweza kuanzisha juu mno. Katikati ya uwanja wavu una mita 1.524, kwa hiyo kipimo chako ni kama sentimita 37 chini ya ukingo wake. Bandika utepe ukutani na ujipime. Kisha funga uzi sentimita 20 juu ya wavu na uanzishe kinyoya kipite kati ya uzi na wavu, mara 30 kila upande, kabla ya mazoezi mengine. Kinyoya kifike kilele chake upande wako, kianze kushuka kabla ya kuvuka. Kikifikia kilele juu ya wavu au ng'ambo yake, mpokeaji mzuri atakushukuru.

Sasa mkono wa kushoto. Peke yake hauna uchawi. Faida inakuja ukiunganishwa na mkono wa kulia wa mwenzako, na inafaa uielewe ili uidai. Kona ya nyuma kushoto ya uwanja ni mateso kwa mtu wa mkono wa kulia: ama azungushe raketi juu ya kichwa, ama apige bekihendi, yaani kwa mgongo wa mkono. Watu wawili wa mkono wa kulia wana kona dhaifu ileile, na wapinzani wataishi humo. Nyinyi kila kona ya nyuma ina mtu ambaye forihendi yake, yaani pigo la upande wa mkono wake wa raketi, iko hapo. Ukipokea ukiwa upande wa kulia wa uwanja, mpigo mfupi wa kuelekea katikati, ambao karibu kila mtu huupiga kwa mazoea, unaangukia forihendi yako badala ya bekihendi. Halafu manyoya ya kinyoya yamelaliana kuelekea upande mmoja, nacho huzunguka kwa mwelekeo huohuo. Pigo la kukata la mkono wa kushoto hutoka tofauti kidogo na lile walilolizoea. Kwa vinyoya vya plastiki hilo huonekana kidogo sana.

Hasara ipo pia. Mkilinda wewe ukiwa kushoto na yeye kulia, forihendi zenu ziko nje na bekihendi mbili zinakutana katikati, kwa hiyo smashi ya katikati inawafanya mtazamane. Mkibadilishana, forihendi mbili zinakutana katikati, mna nguvu kubwa hapo, lakini raketi zitagongana mpaka mzoeane. Kubalianeni kabla: smashi ya katikati ni ya yule aliye mkabala wa mbali na mpigaji, yaani aliye upande wa mshazari. Si sheria ya Mungu, ila makubaliano yoyote ni bora kuliko kunyamaza.

Hapo ndipo ninapofikia mwenzako. Ana haki nusu. Ni kweli Boe alikuwa hatari sana mbele na katikati, na Mogensen alibeba smashi nyingi za nyuma. Lakini walizunguka. Kinyoya kikimwendea Boe nyuma kushoto, alikipiga yeye kwa forihendi na Mogensen akasogea mbele. Mtu akikaa mbele tu katika mchezo wa wanaume, wapinzani wanajua wampigie nani. Watamfanya mwenzako apige smashi kumi kutoka kona zote mbili. Ya kumi na moja itakuwa laini. Na mnapolinda mkiwa mmoja mbele mmoja nyuma, pembeni kote ni wazi.

Ila kwa wiki sita zijazo, kwa sababu ya bega, ningemkubalia. Ukae mbele zaidi kuliko kawaida, upige vinyoya vilivyo chini ya usawa wa bega, na yeye afanye kazi ya nyuma. Mtapoteza pointi kadhaa. Mwambie wazi kwamba ni mpango wa muda, usije ukazoea.

Raketi. Ulichofanya ni kununua kifaa cha mtu mwingine. Mpini mgumu hupinda tu ukizungushwa kwa kasi kubwa. Usipofikia kasi hiyo, haupindi, na kinyoya hakipati msukumo wowote wa ziada. Nyuzi za kilo 13 ni za watu wanaopiga katikati kabisa ya raketi karibu kila mara. Zikikazwa hivyo, eneo zuri la kupigia linasinyaa na mtetemo wa pigo lililokosewa unapanda moja kwa moja mkononi. Mwili wako umejaribu kufidia kwa kusukuma na bega, ndiyo maana smashi imedhoofika na bega limeanza kulalamika kwa pamoja. Rudi kilo 10 hadi 10.5, mpini wa kadiri. Ukipiga katikati ya nyuzi mara nane kati ya kumi ukiwa umechoka, ongeza nusu kilo. Usiuze ile ngumu kwa hasira; irudishe kabatini.

Kuhusu bega lenyewe: kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa kwenye kikombe kisicho na kina, na kinashikiliwa na misuli minne midogo na kano zake. Ukinyanyua mkono na kupiga kwa nguvu mara mamia kwa wiki, kano hizo hubeba mzigo ambao hazijauzoea na huanza kuuma, mara nyingi mkono ukiwa kati ya usawa wa mbavu na juu kidogo ya bega, na maumivu hupungua ukiupitisha hapo. Ulivyoeleza inafanana na hali hiyo, lakini siwezi kukupima kupitia barua.

Wengi hukosea kwa kufunga mkono na kupumzika kabisa miezi miwili, kisha kurudi kwa smashi za siku ya kwanza. Kano huponywa na mzigo unaopanda polepole. Acha smashi na mapigo ya juu ya kichwa kwa wiki mbili tatu. Chukua mpira wa mazoezi unaovutika, ufunge kwenye kitasa usawa wa kiwiko, bana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kunja kiwiko, kisha zungusha kigasha kuelekea nje na kurudi taratibu. Fanya mizunguko 3 ya marudio 12 hadi 15, siku tatu kwa wiki. Ongeza kuvuta mpira kwa nyuma, kama mtu anayepiga makasia, idadi hiyohiyo. Maumivu madogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kati ya 10, yanavumilika, mradi kesho yake bega lisiwe baya kuliko jana. Likiwa baya, punguza. Tarajia kati ya wiki 6 na 12. Ukirudi kwenye smashi, anza na 10 za nusu nguvu kwa kila siku ya mazoezi, uongeze kila wiki.

Usisubiri wiki hizo ikiwa bega lilitoa mlio wa kukatika, mkono hauinuki hata ukitaka, maumivu yanakuamsha usiku, mkono unakufa ganzi, au bega limevimba, lina joto na una homa. Mwone daktari wako wa familia. Akikupa rufaa kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, sehemu ya gharama hulipwa na mfumo wa afya wa Denmark, kwa hiyo pitia kwake kwanza. Hata bila dalili hizo, kama wiki 6 za mazoezi ya uaminifu hazijabadilisha kitu, nenda.

Na kwa kuwa bega lako ni la kushoto: maumivu ya bega au mkono wa kushoto yakija na kifua kubana, jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, usiyape jina la badminton. Simama, piga 112. Vivyo hivyo kichwa kikikupasuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyapata, uwe uwanjani au kitandani. Mogensen alikuwa mwanamichezo wa miaka 30 aliyekuwa na afya ya kufikia fainali za dunia.

Umechelewa? Kwa timu ya taifa, ndiyo, na ulijua hilo kabla ya kuniandikia. Boe alikulia kwenye klabu za Kidenmark tangu utotoni. Saa zile huwezi kuzinunua sasa. Kupanda daraja moja au mawili klabuni ni jambo lingine kabisa, na kwa mtu wa siku tatu kwa wiki aliyeanza ukubwani, nafasi kubwa ya kupanda bado ipo kwa sababu pigo zako tatu za mwanzo hazijawahi kufundishwa vizuri. Tena mashindano ya dunia ya wakongwe huanzia miaka 35. Huko wewe ni kijana.

Kwa hiyo Jumanne ijayo: fika robo saa mapema, funga uzi juu ya wavu, anzisha mara 60, kisha raundi 8 za mapigo bapa na mwenzako, halafu mcheze seti mbili bila wewe kupiga chochote juu ya kichwa. Alhamisi rudia, na umwombe mtu arekodi kwa simu kutoka nyuma ya uwanja. Kwenye video hesabu kitu kimoja tu: mara ngapi raketi yako iko chini ya kiuno wakati kinyoya kiko upande wao. Niandikie tena ukiwa na namba hiyo na ripoti ya bega.